Ile Nyeupe ya Kericho Sio Theluji: Vile Milima Huamua Theluji Ianguke Wapi na Ikae Wapi

Kila mwaka lazima irudi. Mvua ya mchana inamwagika Kericho, Molo ama kule Nyahururu, shamba la chai linakuwa jeupe pe, mtu anatoa simu anachukua klipu, na kabla ya chakula cha jioni kila group ya WhatsApp imeshapata habari: theluji imeanguka Kenya! Mtu wa Kisumu, ambaye saa hiyo amefungua madirisha yote juu ya joto, anauliza mbona wao hawapatiwi. Mwingine anasema ni siku za mwisho, mwingine ati ni mabadiliko ya tabianchi, na hakuna hata mmoja ameuliza hicho kilichoanguka ni kitu gani. Septemba 2008 habari ilifika mpaka nje ya nchi, karibu na Nyahururu mteremko ulifunikwa weupe na watu wakatoka kwao kwenda kushika barafu kwa mikono, na ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana, sio theluji.

Lakini maswali yenyewe ni mazuri. Mbona Kericho na sio Kisumu? Mbona Mlima Kenya na sio Elgon? Jibu karibu lote liko kwa ardhi, vile imeinuka, imeangalia wapi, na upepo unaigonga kutoka upande gani.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo vyote vinaonekana vyeupe kwa picha. Theluji ni vichembe vya barafu vinavyojijenga ndani ya wingu kutoka kwa mvuke, polepole, halafu vinashikana na kuwa vipande vyepesi vinavyoelea vikishuka. Mvua ya mawe inazaliwa ndani ya wingu la radi, upepo wa humo ndani unarusha matone juu kwa baridi kali yanaganda, yanaongezewa maji yanaganda tena, mpaka yanakuwa mazito upepo unashindwa kuyabeba na ndio unasikia mabati yakipigwa. Sakitu, ile wakulima wengi wanaita frosti, haianguki kabisa, inajitengeneza hapo hapo juu ya majani usiku. Kwa hivyo ukitaka kujua haraka bila kuuliza mtu: ikipiga kelele kwa mabati ni mawe, ikishuka kimya ikielea ni theluji, na ukiamka uipate nje na usiku nyota zilikuwa zinaonekana vizuri, hiyo ni frosti. Kenya hii, karibu weupe wote unaoona chini ya mita 4,000 ni mawe ama frosti.

Sasa hesabu, na ni ndogo tu usiogope. Ukipanda juu hewa inapoa, na kwa wastani ni kama digrii 6.5 kwa kila mita 1,000. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari na wastani wa joto lake ni digrii 23 hivi. Gawanya 23 kwa 6.5 unapata 3.5 na kitu, yaani lazima upande zaidi ya mita 3,500 kutoka ufuo wa ziwa ndio ufike penye maji yanaganda. Jumlisha na ile 1,130 unapata karibu mita 4,670, na huo ndio mstari wa kuganda. Kuna siku mstari huo unashuka kiasi na siku unapanda, lakini hauendi mbali, kwa sababu hapa ikweta hatuna ule msimu wa baridi wa kweli wa kuuvuta chini mpaka mjini.

Weka milima yetu kwa huo mstari sasa. Menengai iko 2,278, hata haikaribii. Satima kule Aberdare ni 4,001. Elgon kilele chake cha juu, Wagagai, kiko upande wa Uganda na ni 4,321. Mlima Kenya una vilele vya Batian 5,199, Nelion 5,188 na Lenana 4,985. Rwenzori inafika 5,109, Kilimanjaro 5,895. Unaona mwenyewe nani wamepita mstari na nani wamebaki chini, na ndio maana Elgon, mlima mpana hivyo, mkubwa hivyo, haina barafu ya kudumu leo. Usiku baridi ya huko juu inagandisha maji kwa chupa, mara moja moja vilele vinaamka vyeupe, lakini jua likitoka kazi imeisha.

Hapo ndipo watu wanauliza: kama mstari uko 4,670, mbona mawe ya barafu yanafika Kericho ambayo iko kwa mita 2,000 hivi? Jibu ni mwendo. Kipande cha theluji kinaelea kwa mwendo wa kama mita moja kwa sekunde. Kutoka kwa ule mstari mpaka Kericho ni mita 2,700 hivi, kwa hivyo kingechukua dakika 45 kupita ndani ya hewa yenye joto, hakifiki, kinayeyuka kikiwa bado juu kabisa na wewe unapata mvua ya kawaida (mvua nyingi tu inayokunyeshea ilianza safari ikiwa theluji, ni vile hukuiona). Jiwe la sentimita moja na nusu hivi linashuka kwa kama mita 15 kwa sekunde, linamaliza hiyo safari kwa dakika tatu, linafika limepungua lakini bado ni barafu. Kisumu safari ni ndefu zaidi na hewa ya chini ni ya moto zaidi, kwa hivyo mawe mengi yanamalizikia njiani. Ni wingu aina moja, ile tofauti yote imeletwa na urefu wa ardhi iliyo chini yake.

Halafu kuna sababu nyingine ya Kericho, na hii ndio ningependa watu waishike kwa sababu ndio inaendesha theluji hata kule Ulaya na Japani. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inavutwa kuingia bara. Inapita Kisumu, inapita mashamba ya miwa na mpunga ya Kano na Muhoroni, tambarare tupu, halafu ghafla inakutana na ile miinuko ya Nandi na Kericho. Haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapanuka, ikipanuka inapoa, ikipoa haiwezi kushikilia mvuke wake wote, wingu linajengeka. Juu huko inakutana na upepo unaotoka mashariki, zinasukumana, wingu linarefuka mpaka lipite ule mstari wa kuganda mbali sana. Saa nane, saa tisa mchana, radi. Kericho inatajwa sana duniani kwa mvua ya mawe, ile namba unaipata imeandikwa kila mahali ni siku 132 kwa mwaka, na miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai yalikuwa yanarusha roketi mawinguni, baadaye ndege zikimwaga kemikali, kujaribu kupunguza hayo mawe. Kuna wanasayansi pia walipendekeza kwamba vumbi la majani makavu ya chai linalopandishwa na upepo linasaidia maji kuganda huko juu. Hiyo ni nadharia, mimi naipenda lakini siwezi kuapa nayo, na hata bila chai ile miinuko peke yake inatosha kueleza radi ya kila siku.

(Usiku mambo yanageuka, nchi kavu inapoa, upepo unarudi ziwani na mvua kubwa za radi zinajengeka juu ya maji. Wavuvi wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa kuandika makala.)

Sasa chukua mpango huo huo, ziwa ama bahari, halafu mlima, uupeleke mahali penye baridi ya kweli. Japani wakati wa baridi upepo mkavu unatoka Siberia, unapita juu ya bahari iliyo na joto kuliko wenyewe, unalowa, unafika milima ya katikati ya kisiwa cha Honshu na kulazimishwa kupanda. Unachomwaga ni theluji. Mji wa Aomori, ambao uko kando ya bahari kabisa, chini kuliko Kisumu kwa zaidi ya kilomita moja, unapata zaidi ya mita 5 za theluji ukijumlisha msimu mzima. Tokyo iko upande wa pili wa milima na wakati huo huo ina jua na anga ya buluu, siku za theluji kwa mwaka ni za kuhesabu na vidole. Nchi moja, upepo mmoja, mlima katikati. Marekani nao wana Buffalo kando ya ziwa Erie, Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilizikwa na zaidi ya mita moja na nusu, na ukiendesha gari kilomita chache kaskazini ya hapo unakuta theluji kidogo ya kufagia tu, kwa sababu ule ukanda wa mawingu kutoka ziwani ulikuwa mwembamba na ukakaa mahali pamoja.

Kwa hivyo ile imani ya kwamba mahali pakiwa juu zaidi ndipo theluji inazidi, si kweli hivyo tu. Aomori iko sawa na bahari. Na upande mwingine angalia Kilimanjaro: mvua kubwa iko chini kwa msitu wa upande wa kusini, kama mita 2,200 hivi, hapo inapita milimita 2,000 kwa mwaka, halafu ukizidi kupanda inapungua, inapungua, mpaka Kibo, kile kilele cha juu kabisa, kunafika unyevu kidogo sana. Wingu limeshamwaga mzigo wake njiani. Baridi iko tele huko juu, kitu hakuna ni maji. Antaktika kuna mabonde makavu ya McMurdo, baridi ya kutisha, na theluji karibu hakuna, milima imezuia barafu isiingie na upepo mkavu unaoshuka unakausha kidogo kinachoanguka. Baridi peke yake haileti theluji. Lazima kuwe na baridi, na unyevu, na kitu cha kuiinua hewa.

Hiyo hali ya kubaki nyuma ya mlima ndio walimu wa jografia wanaita kivuli cha mvua, na sisi watu wa Nakuru tunaishi ndani yake bila kufikiria. Hewa ya ziwa ikishamaliza kupanda Kericho na Mau inashuka upande wetu wa Bonde la Ufa, na hewa ikishuka inapata joto na mawingu yanayeyuka. Kericho inapata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka ama zaidi, Nakuru tunapata karibu nusu ya hiyo, na ukishuka zaidi mpaka Marigat ni kidogo tena. Kutoka Kericho mjini mpaka Nakuru ni safari ya matatu ya saa mbili tu. Mlima Kenya nao una upande wa kusini mashariki ulionona kwa mvua, Embu na Chuka huko, na upande wa kaskazini wa Timau na Nanyuki mkavu mpaka unashangaa kama ni mlima ule ule.

Mpaka hapa tumeongea kuanguka. Kukaa ni hadithi nyingine, na wengi huchanganya hapa, wanafikiri penye weupe leo ndipo theluji nyingi ilianguka. Wapi.

Theluji ikishatua upepo haujamalizana nayo. Ni nyepesi, na kwenye kingo kali za mlima upepo unapita kwa kasi, kwa hivyo unaichota kutoka mgongoni mwa mlima na kuitupa upande wa nyuma ambapo kasi inapungua. Ukishawahi kuona mama akipepeta mahindi kando ya ghala unaelewa: makapi hayakai mahali yalipotoka, yanaenda kujaa kule nyuma ya ukuta penye upepo umekufa. Ndio maana kwa picha za milima mirefu unaona miamba mieusi mitupu juu kabisa na makorongo yamejaa weupe chini yake. Na hapo pia ndipo hatari hukaa, theluji iliyorundikwa na upepo kwa mteremko mkali ndiyo huporomoka na kuua watu kule Alps, ingawa anga ni safi na haijanyesha chochote siku hiyo.

Halafu jua. Ulaya na Marekani mambo ni rahisi, jua linakaa upande wa kusini, kwa hivyo mteremko unaoangalia kaskazini unabaki na kivuli na theluji inakaa muda mrefu. Sisi hapa ikweta inapita karibu kabisa na kilele cha Mlima Kenya, na jua linahama: Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Matokeo yake ni kitu ambacho milima mingi ya dunia haina. Kuanzia kama Julai mpaka Septemba uso wa kaskazini unakuwa mwamba mkavu na uso wa kusini unashika theluji na barafu, Januari na Februari inageuka. Wapandaji wanajua hii kabisa, wanaotaka kupanda mwamba na wanaotaka barafu wanachagua upande kwa kalenda.

Kuna na saa za siku. Asubuhi mlimani kwa kawaida ni kweupe bila wingu na jua linapiga upande wa mashariki bila huruma. Kufika mchana mawingu yamepanda kutoka chini, na wakati jua limehamia magharibi tayari kuna pazia. Kwa hivyo upande wa magharibi na kusini magharibi unalindwa kila siku na wingu la alasiri, na wanaochunguza barafu za kudumu (glacier) za Mlima Kenya na Kilimanjaro wameandika kwamba huko ndiko barafu zilishuka chini zaidi. Barafu zenyewe zinaisha, tusidanganyane. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mlima Kenya ulikuwa na barafu 18 zenye majina, nyingi zimeshapotea, na ile Lewis kubwa iliyo kati ya Lenana na Nelion imebaki mabaki. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapaswa kutajwa, sio kwa klipu ya mawe ya Kericho. Na kwa wale wanaosema barafu ikiisha mito yote ya huko itakauka siku hiyo hiyo: maji mengi ya ile mito yanatoka kwa mvua na msitu unaoyashikilia, barafu ilikuwa inachangia kidogo. Msitu ukikatwa hapo ndio utalia.

Cha ajabu ni kwamba zamani ubishi ulikuwa umegeuzwa. Johannes Rebmann aliandika 1848 kwamba ameona theluji Kilimanjaro, mwenzake Ludwig Krapf akaona Mlima Kenya kutoka Ukambani 1849, na mabwana wa jografia kule London wakawacheka, theluji ikweta haiwezekani. Watu wa hapa walikuwa wakiuona huo weupe kila asubuhi na hakuna aliyewauliza.

Nimebakisha frosti, na nimeiweka mwisho kwa sababu kwa mtu wa Kericho, Nandi, Molo ama Mau Narok ndiyo inagusa mfuko. Hapa ardhi inafanya kinyume cha kila kitu nilichosema juu. Nilisema ukipanda kunapoa, si ndio? Sasa usiku usio na wingu wala upepo, mara nyingi Januari na Februari, ardhi inapoteza joto lake angani, hewa iliyoigusa inapoa, na hewa baridi ni nzito. Inateremka polepole ikifuata zile njia ambazo maji yangefuata, inaenda kukusanyika bondeni. Asubuhi bonde linakuwa na baridi kuliko mgongo wa kilima ulio juu yake. Ndio maana unaweza kuona shamba moja, mwenye nyumba juu anakunywa chai hana habari, na chini kando ya mto majani yameungua yamekuwa ya kahawia. Januari 2012 frosti ilichoma chai vibaya Kericho na Nandi.

Na ukiweka kizuizi unaongeza shida. Ua mnene wa miti uliopandwa kukata mteremko, ukiwa upande wa chini wa shamba, unazuia hewa baridi isiendelee kushuka, inarundikana nyuma ya ua na mimea yako iko ndani. Ua huo huo ukiwa upande wa juu unaweza kuigeuza ipite kando. Wengi hupanda miti mpakani bila kufikiria hilo kwa sababu mpaka ni mpaka.

Kwa hivyo kama unanunua shamba Kuresoi ama Mau Narok, usiende kuliangalia mchana wa Mei kila kitu kikiwa kijani. Enda asubuhi na mapema mwezi wa kwanza, kabla jua halijapanda, uulize majirani weupe huwa unaanzia wapi ukishuka. Juu ya huo mstari weka viazi na mahindi yako. Chini yake weka nyasi za ng'ombe ama kabichi, ambayo inavumilia baridi kuliko viazi, na dalali akikuambia ati sehemu ya chini ndiyo bei ghali kwa sababu iko karibu na maji, teremsha bei.